Sayyid Barghash: Sultani aliyeikaribisha simu ya waya



Huku kwetu Mkongani mpwa wangu ameshikwa na mapenzi mapya. Wenzake jioni wako uwanjani, yeye amenichukulia redio yangu ya mawimbi mafupi, akapitisha waya dirishani mpaka juu ya mwembe, na kila baada ya Isha huketi kusikiliza milio. Anajifunza alama za Morse. Mlio mfupi ni nukta, mrefu ni mstari, na kila herufi ina mpangilio wake. Nia yake ni kuwa mpiga redio wa ridhaa, apewe jina la kituo lenye kuanza na 5Z kama ilivyo kwa Kenya.

Nilimwambia anajisumbua bure. Tangu mkutano wa kimataifa wa Geneva wa mwaka 2003, kila nchi imeachiwa iamue yenyewe kama itadai Morse kwa mwenye kutaka leseni hiyo. Akanieleza, kwa adabu, kwamba sauti ya mtu ikizama ndani ya makelele ya angani, ule mlio mwembamba bado husikika, na kwamba mtu mwenye wati tano tu anaweza kusikika bara jingine usiku ukiwa mzuri. Sikuwa na jibu. Nikavuta kiti nikajifunza naye.

Jambo la kwanza lililonigusa ni herufi A. Kiswahili hakipigi hatua mbili bila A, lakini katika Morse si herufi fupi kuliko zote: ni nukta na mstari. Herufi iliyopewa nukta moja peke yake ni E. Sababu ni kwamba waliopanga alama hizo huko Marekani, Samuel Morse na mwenzake Alfred Vail, waliangalia herufi zinazotumika sana katika Kiingereza. Angekaa Mswahili kuzipanga, nukta moja ingekuwa ya A.

Usiku mmoja kijana akaniuliza alama hizi zilifikaje pwani yetu. Jibu la swali lake limo katika maisha ya mtu mmoja ambaye sote tunalijua jina lake, Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar. Wengi tunamtaja kwa ajili ya Beit al-Ajaib. Leo nataka nimweleze kwa njia ya waya.

Barghash alizaliwa yapata mwaka 1837, mmoja wa watoto wengi wa Sayyid Said bin Sultan. Mama yake alikuwa suria Mhabeshi. Alikulia katika dola iliyoenda kwa upepo. Habari ya Maskati ilifika Unguja na kaskazi, jibu likarudi na kusi, na baina yake watu walikaa wakingoja tanga litokeze.

Uzito wa kungoja huko aliuona mwenyewe. Mwezi wa Oktoba 1856 baba yake alikuwa baharini, anarudi kutoka Oman, na Barghash alikuwa naye chomboni. Sayyid Said akafariki njiani. Unguja hawakujua. Mji ulikuwa unamsubiri Sultani aliye hai, na chombo kilikuwa kinaleta maiti. Kijana Barghash, hajatimia miaka ishirini, aliishusha maiti na kuizika usiku kabla habari hazijaenea, kisha akajaribu kuuwahi utawala mbele ya ndugu yake Majid. Hakufaulu, lakini tayari alishalielewa jambo moja ambalo wengi hulielewa uzeeni: anayepata habari mwanzo ana saa chache za kuwa na nguvu kuliko wenzake.

Dola ikagawika. Thuwaini akabaki Maskati, Majid akashika Zanzibar. Mwaka 1859 Barghash alipanga kumpindua Majid, na hapa anaingia dada yao, Bibi Salme, aliyekuwa na miaka kama kumi na tano. Wakati huo watoto wa kike wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma Qur'ani lakini si kuandika. Salme alikuwa amejifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kwa sababu hiyo yeye ndiye aliyekuwa karani wa njama. Barua za Barghash za kuwaita wakuu na kuagiza silaha zilitoka mkononi mwa msichana huyo.

Nyumba ya Barghash ikazingirwa na askari. Dada zake wakamtoa amevaa nguo za kike, akapita katikati ya walinzi mpaka shamba la Marseille, ambako wafuasi wake walijifungia. Mabaharia wa Kiingereza wakamsaidia Majid, upinzani ukavunjika, na Barghash akapelekwa Bombay.

Huko alikaa yapata miaka miwili. Mara nyingi tunaisoma safari hiyo kama adhabu, lakini kwake ilikuwa pia shule. Bombay ya wakati huo ilikuwa na magari ya moshi tangu 1853, na ilikuwa na nyaya za kupelekea habari. Mfanyabiashara wa Bombay aliweza kujua bei ya Calcutta bila kungoja farasi wala meli. Barghash alirudi Unguja akiwa mtulivu, akangoja zamu yake.

Zamu ilifika Oktoba 1870, Majid alipofariki. Barghash alikuta ufalme mkubwa kwa jina: visiwa, na pwani kutoka Mogadishu mpaka karibu na Ruvuma. Mwanzo wake ulikuwa mgumu. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja, ikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Kabla kisiwa hakijainuka, Januari 1873 akaja Sir Bartle Frere kutoka London, kumtaka apige marufuku biashara ya watumwa kwa njia ya bahari.

Tusiifiche historia. Karafuu ya Unguja na nazi na mtama wa mashamba ya mwambao wetu ilisimama juu ya mgongo wa watu waliotekwa bara, na baadhi yao ni wazee wa wenzetu tunaoishi nao leo. Biashara ile ilistahili kufa. Ninachotaka msomaji akione hapa ni muda. Barghash alimkatalia Frere. Frere akaondoka, barua zikaenda na meli, amri zikarudi na meli, na ikachukua mpaka tarehe 5 Juni 1873, baada ya kutishiwa kwamba kisiwa kitazingirwa na manowari, ndipo alipotia sahihi na soko la watumwa likafungwa. Karibu miezi mitano. Umbali wa London ulikuwa ukuta wake. Nyuma ya ukuta huo aliweza kufikiri, kushauriana na kujadiliana na John Kirk, balozi wa Uingereza aliyekuwa jirani yake na mshauri wake.

Mwaka 1875 alikwenda Uingereza mwenyewe, akapokewa na Malkia Victoria. Aliporudi kazi zake ziliongezeka. Alinunua meli za moshi. Alivuta maji safi kutoka chemchemi mpaka mjini, watu wakayanywa bila malipo. Alianzisha kiwanda cha kuchapa vitabu vya dini kwa Kiarabu. Mwaka 1877 alianza kuunda jeshi la mtindo mpya chini ya Lloyd Mathews, ofisa wa jeshi la majini la Kiingereza.

Sisi wa Kwale jeshi hilo tunalijua kwa upande mwingine. Mbaruk bin Rashid Mazrui wa Gazi hakukubali kuwa chini ya Al-Busaid, waliomwondoa baba yake Mombasa. Alipobanwa pwani alipanda milimani kwenye ngome yake ya Mwele, na mwaka 1882 Mathews alimfuata huko na askari wa Barghash. Kwa hiyo Sultani ninayemweleza hakuwa kipenzi cha kila mtu. Kwa wazee wengi wa upande huu alikuwa mwenye bendera nyekundu anayetoza ushuru na kutuma bunduki.

Sasa tuje kwenye waya wenyewe. Mwezi wa Januari 1879 jeshi la Kiingereza lilishindwa vibaya na Wazulu huko Isandlwana, Afrika Kusini. Habari ilichukua karibu wiki tatu kufika London, kwa sababu ilibidi ipande meli mpaka bandari yenye waya. Serikali ikaona aibu na hatari, na mwaka huohuo ikaundwa kampuni, Eastern and South African Telegraph, iliyolaza waya chini ya bahari kutoka Aden kuja Zanzibar, kisha Msumbiji mpaka Durban. Kufikia mwisho wa 1879 kazi ilikwisha. Aden tayari ilikuwa imeunganishwa na Suez na Bombay tangu 1870. Kwa hiyo Unguja, iliyokuwa mbali na London kwa majuma, ikawa mbali kwa saa.

Barghash aliukaribisha waya. Kampuni ilipewa kisiwa kidogo cha Bawe, kile kinachoonekana mbele ya Mji Mkongwe, kiwe kituo chake. Ndani ya waya mlikuwa na shaba, imefunikwa utomvu wa mti wa Malaya unaozuia maji, na nje imezungushiwa chuma isikatwe na mawe. Umeme uliopita humo ulikuwa dhaifu mno mwisho wa safari, hautoshi hata kugonga kengele. Kwa hiyo nukta ilipelekwa kwa umeme wa upande mmoja na mstari kwa umeme wa upande wa pili, na huko ulikofika, kalamu nyembamba kama unywele ilichora juu ya ukanda wa karatasi mchoro wa wino unaopanda na kushuka. Karani aliyefunzwa aliusoma kama sisi tunavyosoma Yasin, bila kusita. Asiyefunzwa aliona mikwaruzo tu.

Hata neno letu linatokana na enzi hizo. Simu ni neno la Kiajemi, maana yake waya. Kupiga simu kulianza kwa watu wa nukta na mistari, muda mrefu kabla ya mtu kusema halo.

Kwa mfalme aliyekuwa amebeba maiti ya baba yake kwenye chombo kisichoweza kumwambia mtu lolote, waya ule lazima ulikuwa wa ajabu. Mwaka 1883 akamaliza jumba lake la taa za umeme, tunaloliita Beit al-Ajaib, nyumba ya maajabu. Alikuwa amefika kilele. Kasoro ilikuwa moja. Waya ulikuwa wa kampuni ya Kiingereza, na ncha zake zote mbili zilikuwa mikononi mwa watu wake.

Mwisho wa 1884 Mjerumani kijana, Carl Peters, alipita Saadani na wenzake wachache, wakaingia Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami, wakiwatia machifu sahihi kwenye karatasi wasizoweza kuzisoma. Wakati huohuo mataifa ya Ulaya yalikuwa yamekaa Berlin kuzungumzia Afrika, na Zanzibar haikualikwa. Mkutano ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake, tarehe 27, Kaisari wa Ujerumani alitia sahihi hati ya kuzilinda nchi za Peters.

Waya wa Bawe ulikuwa mzima. Habari hiyo ingeweza kufika mezani kwa Barghash siku ileile. Aliarifiwa rasmi mwisho wa Aprili, wiki nane baadaye. Hapo ndipo somo la waya lilipokamilika. Waya hauleti habari kwa sababu ipo, huleta habari ambayo mwenye kuushika anataka ufike, na saa anayotaka yeye.

Barghash alijibu haraka. Alituma simu moja kwa moja kwa Kaisari, akipinga kwamba nchi zile ni zake na machifu wale hawakuwa na haki ya kuzitoa. Aliutumia waya vile ulivyostahili kutumiwa. Lakini ujumbe wake ulikwenda kwa mtu aliyekwisha kuamua.

Akamgeukia Kirk. Huyu alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, na kwa moyo wake hakupenda yaliyotokea. Miaka kumi nyuma Kirk angeweza kusimama na Sultani kwanza na kuandika barua baadaye, kwa kuwa barua ingefika jambo limekwisha. Sasa kila asubuhi angeweza kupokea amri. Na amri zilisema asiwapinge Wajerumani, kwa sababu London ilihitaji msaada wa Berlin katika mambo ya Misri na ilikuwa na wasiwasi na Warusi huko Afghanistan. Yule mshauri akawa tarishi. Ukuta wa umbali uliomlinda Barghash mwaka 1873 ulikuwa umebomoka, naye mwenyewe ndiye aliyefungua mlango.

Tarehe 7 Agosti 1885 manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake, mizinga ikatazama madirisha. Ndani ya msafara huo wa meli alikuwemo Bibi Salme, aliyekuwa ameolewa na Mjerumani, akabatizwa na kuitwa Emily Ruete, na sasa alikuwa mjane aliyekuja kudai urithi. Msichana aliyemwandikia barua za njama sasa alikuwa upande wa pili wa mizinga. Barghash alikataa kumwona. Wiki moja baadaye alikubali matakwa ya Wajerumani. Mwaka 1873 walihitaji miezi mitano kumpindisha, mwaka 1885 siku saba.

Yaliyofuata yanatuhusu sisi moja kwa moja. Tume ya Uingereza, Ujerumani na Ufaransa ilipita pwani kupima eneo la Sultani, na mwishoni mwa Oktoba 1886 London na Berlin zikakubaliana. Barghash hakuwa mezani. Aliachiwa visiwa, ukanda wa maili 10 kutoka pwani mpaka Kipini, na miji kadhaa ya kaskazini. Ng'ambo ya ukanda huo zikagawana wenyewe kwa mstari ulioanzia mdomo wa mto Umba, hapo Vanga, ukapanda kwenda Kilimanjaro. Mdigo wa Vanga na Mdigo wa Tanga wakalala ndugu wakaamka wageni. Mwezi wa Desemba Sultani akakubali, na Mei 1887 akaikodisha pwani kutoka Umba mpaka Kipini kwa kampuni ya William Mackinnon.

Ukanda ule wa maili 10, tunaouita Mwambao, ndio uliokuja kulipiwa kodi na Waingereza tangu 1895, ndio uliojadiliwa kwa moto miaka ya 1961 na 1962, na ndio uliokabidhiwa Kenya kwa makubaliano ya Oktoba 1963. Ugomvi wetu wa hati za ardhi, maskwota na mashamba ya watu wasioonekana una mizizi mingi, na mmoja wao unashuka mpaka mezani pale ambapo mwenye nchi hakuitwa.

Barghash hakudumu baada ya hapo. Afya ilikuwa imeshamtupa. Alisafiri kwenda Oman kutafuta shifaa, akarudi Unguja, na mara tu baada ya kufika akafariki, mwezi wa Machi 1888. Alikuwa na miaka kama hamsini na moja. Ndugu yake Khalifa akashika nafasi. Kabla karne haijaisha waya wa bahari ukafika Mombasa pia.

Wapo wanaosema waya ndio uliomwangusha. Mimi sisemi hivyo. Kilichomwangusha ni mizinga na tamaa ya wakubwa, na waya ulipunguza tu muda wake wa kupumua. Wala sisemi angeukataa. Angeukataa, ungepita mbele yake baharini na yeye angebaki kiziwi kabisa. Kosa ninaloliona ni dogo na ni letu sote: aliupokea waya kama mgeni anavyopokewa, kwa kisiwa na heshima, bila kuhakikisha watu wake nao wamekaa kwenye kile kidude cha kugongea. Kisu ni kimoja, lakini mwenzake ndiye aliyeshika mpini.

Tazama leo. Tangu 2009 nyaya za intaneti zinapanda ufukweni Mombasa kutoka chini ya bahari ileile, na nyumba nyingi za Kwale zina simu. Watoto wetu wanazitumia usiku na mchana. Wangapi wanajua zinavyofanya kazi? Wangapi wanafundishwa kuzitengeneza, kuandika programu zake, kuuliza nani anazimiliki na habari zetu zinakwenda wapi? Madrasa na shule zetu zina nafasi ya jambo hili. Bibi Salme alijifunza kuandika kwa mfupa wa ngamia na akawa mtu wa kutegemewa katika njama za wafalme, kwa sababu alijua kitu ambacho wenzake hawakukijua.

Ndiyo maana simkemei tena mpwa wangu. Jana usiku alinionyesha anavyogonga neno Pwani kwa kijiko juu ya meza, herufi tano, akasita kidogo kwenye W kisha akaendelea. Mama yake alilalamika kwamba tunaichubua meza. Nikamwambia aendelee, ila atafute kibao.

Mwenyezi Mungu amrehemu Sayyid Barghash, amsamehe makosa yake, na atupe sisi akili ya kusoma alichokiacha. Wabillahi tawfiq.